Mzee Hajala Siku Kumi na Moja

Mzee alikuwa ameshiba. Nalisema hilo mapema ili msije mkamhurumia bure kama tulivyomhurumia sisi, foleni nzima, askari wa getini akiwemo.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kliniki ya sukari, katika hospitali moja ya kaunti huku Pwani ambayo siitaji jina kwa sababu barua yao bado naihitaji. Nilikuwa mwanagenzi wa lishe. Kwetu Kenya husomi lishe chuoni miaka yote ile, ukavaa joho, kesho yake ukaketi ofisini kuwaambia watu wapunguze chumvi. Ipo KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na anayetaka kuitwa mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa sharti apitie mikononi mwake. Nami katika safari hiyo nilikuwa nimewekwa chini ya mkubwa anayekuzungusha wodini, kliniki na jikoni, akikutilia sahihi daftarini kila unapofanya jambo bila kudhuru mtu.

Mkubwa wangu tulimwita Madam. Mama mfupi, miwani juu ya kilemba, sauti ya chini. Siku za kawaida ananiita kwa jina langu. Nikikosea ananiita "daktari".

Nilitoka wodi ya watoto nikijiona bingwa. Kule mambo yananyooka. Utepe wa kupima mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, hakuna mjadala. Maziwa ya F-75, yale ya kutibia watoto hao mwanzoni, yana kalori 75 kwa kila mililita 100. Unakoroga, unapima, unanywesha kwa kikombe, baada ya saa mbili au tatu unarudi tena, usiku na mchana. Na uzuri wa mtoto wa miezi tisa ni kwamba hakudanganyi kuhusu alichokula. Kama hakukila, kiko kwenye shati lako.

Kisha nikapelekwa kwa watu wazima.

Kazi yangu pale kliniki ilikuwa kuhoji mlo wa saa 24. Unamuuliza mgonjwa kila kilichopita mdomoni tangu jana wakati kama huu, unajaza fomu, unapiga hesabu. Chuoni tulifundishwa kwamba mahojiano hayo yana mizunguko mitano. Wa kwanza, mwache mtu ataje mwenyewe. Wa pili, mkumbushe vinavyosahaulika: vinywaji, vitafunio, vya kuonja onja. Halafu saa, halafu vipimo, halafu mnapitia yote upya. Siku ile foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe. Nikaona mzunguko wa pili ni wa kupoteza muda.

Akaingia Mzee. Kanzu safi, kofia ya vito, bakora.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie dawa niende zangu, kuna watu wananingoja barazani."

"Kwanza nieleze, tangu jana wakati kama huu mpaka sasa, umekula nini?"

"Sikula."

"Hukula kitu?"

"Nile nini, na mke wangu kaenda harusini Lamu? Jiko limelala. Tangu aondoke mimi sijala."

"Aliondoka lini?"

Akahesabu kwa pingili za vidole. "Ijumaa ya wiki juzi. Leo siku ya kumi na moja."

Moyo wangu ukaruka, na sitaficha: haukuruka kwa huzuni. Uliruka kwa furaha ya mwanafunzi aliyeona swali alilolisomea. Maana vitabu vinasema mtu aliyekaa zaidi ya siku 10 bila kula, au akila kidogo mno, yumo katika hatari ya ule ugonjwa wa kulishwa upya. Mwili uliozoea njaa ukiletewa chakula kingi kwa ghafla, insulini inapanda, nayo inayasomba madini kutoka kwenye damu na kuyatia ndani ya seli: fosfeti, potasiamu, magnesi. Moyo unaweza kusimama. Yaliwapata wafungwa waliokombolewa Vita vya Pili vya Dunia. Walivumilia njaa, wakauliwa na shibe.

Sasa nikaanza kukusanya ushahidi, na hapa naomba mnifuate taratibu, kwa sababu kila hatua niliiona ina akili.

Nikampima sukari. Mashine ikasoma 17.8. Mtu mwingine angejiuliza, mtu asiyekula siku kumi na moja anaitoa wapi sukari yote hiyo? Mimi nikajijibu: ni homoni za dhiki. Mwili uko vitani.

Nikampandisha kwenye mizani. Kilo 84. Kadi yake ya mwezi uliopita ilisema 82. Ameongezeka kilo mbili kwa kufa njaa. Nikaona: uvimbe! Njaa kali huvimbisha. Nikapiga magoti, nikambonyeza mguu kwa kidole gumba, nikahesabu sekunde tatu, nikaachia nione kama shimo litabaki. Halikubaki.

"Wanikanda?" akauliza Mzee.

Nikaandika: *uvimbe bado haujajitokeza*.

Madam alikuwa wodi ya wanaume. Nikamtuma sista amwite haraka, nami nikakimbilia kiti cha magurudumu.

"Cha nani hicho?"

"Chako, mzee. Usitembee. Usitumie nguvu."

"Mimi nimekuja hapa kwa miguu kutoka stejini!"

"Ndiyo maana nasema usirudie."

Nikamsukuma hadi mbele ya foleni, nikiomba njia kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke: "Pisheni! Huyu mzee hajala siku kumi na moja!"

Mnaijua foleni ya kliniki ya Pwani. Wote wamefunga tangu usiku kwa ajili ya vipimo, wote wamebeba cha kufungulia. Habari ikapita benchi hadi benchi kama upepo wa kusi. Lailaha illallah. Siku kumi na moja! Na watoto wake wako wapi? Bibi mmoja akafungua kanga, akatoa mfuko wa mahamri bado ya moto, akamwekea Mzee mapajani. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie, akachukua moja.

Nikamnyang'anya.

"Asile! Akila atakufa!"

Palinyamaza hata feni ikasikika. Mtu wa lishe, mwenye beji iliyoandikwa *Lishe* kifuani, amempokonya mzee mwenye njaa hamri mdomoni. Nikautia mfuko mzima kwenye koti langu jeupe na kuanza kuwaeleza kuhusu fosfeti. Hakuna aliyetaka fosfeti. Kijana mmoja akasema huyu apelekwe kwa mkuu wa hospitali. Mwingine alishatoa simu anarekodi. Askari wa getini akaja kutuliza watu, akasikia siku kumi na moja, akavua kofia.

Ndipo mama mmoja akajitokeza: "Mimi mkewe namjua, ni mtaa wetu. Namba yake ninayo." Akapiga, akaweka spika.

"Dada, mumeo tuko naye hospitali. Kaishiwa nguvu kabisa, yuko kwenye kiti. Hajala tangu ulipoondoka."

Kule Lamu kukasikika vigoma vya harusi, halafu kilio. Bi alilia. Akasema kila siku akimpigia simu mumewe huambiwa vivyo hivyo, "sijala tangu uondoke", yeye akidhani ni maneno ya mapenzi. Akasema anakwenda Mokowe sasa hivi kutafuta basi. Foleni ikalia naye. Mzee akawa anajaribu kuinua mkono aseme kitu, nikamshusha mkono taratibu. Asitumie nguvu.

Madam akaingia. Akatazama kiti, foleni, simu, koti langu lililotuna mfukoni. Nikamweleza yote kwa mpangilio: siku 11, sukari, kilo, tahadhari, nimependekeza apewe vitamini B1 kabla ya chakula chochote na maabara wapime fosfeti. Nilieleza vizuri, hata leo nasimama na maelezo yale. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama kwa Mzee.

"Mzee wangu, pole. Na chai je?"

"Chai?" Mzee akamshangaa. "Chai nilikunywa, mwanangu. Mtu ataamkaje bila chai?"

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa, vijiko vinne."

"Kwa nini?"

Swali hilo, kwa asiyejua Kiswahili chetu, angedhani anaulizwa sababu. Mzee hakubabaika. "Kwa mahamri. Sita. Na mbaazi za nazi."

Madam akageuka. "Daktari, andika."

Nikaandika. Saa nne akapita kwa muuza viazi karai, sahani moja, na ukwaju. Saa saba, kwa vile hakuna chakula, akatuliza tumbo kwa chapati mbili na maharagwe. Alasiri barazani, kahawa chungu, na kahawa chungu haipandi bila halua, hilo hata Madam alikubali kwa kichwa. Baada ya Isha, mishkaki sita na mkate.

"Kisha?"

"Kisha nikalala na njaa hivyo hivyo."

Nikapiga hesabu palepale kwa simu. Kalori zilipita 3,500, na hapo halua nilimpunjia. Mzee hakusema uongo hata neno moja. Kula ni wali, au sima na kitoweo, umeketi kwako na umepakuliwa. Mengine yote ni kungoja chakula. Fomu yangu ilikuwa ya Kiingereza, nami nikamhoji mzee wa watu kwa Kiingereza kilichovaa kanzu.

Tungeishia hapo, lakini wote tulisahau kwamba simu bado iko hewani. Vigoma vilikuwa vimenyamaza. Sauti ya Bi, isiyo na kilio tena, ikatoka kwenye spika:

"Chapati za nani?"

Mzee akatazama bakora yake.

"Nakuuliza wewe. Mahamri nilimlipia mama wa kibandani kabla sijapanda basi, hayo nayajua. Chapati za nani?"

Mzee aliyeshindwa kuuliwa na siku kumi na moja akaanza kufa mbele ya macho yetu. Akaninong'oneza, "Mwanangu, mwambie nimezidiwa." Foleni iliyokuwa ikilia sasa ilikuwa imeshika mbavu. Yule bibi wa kanga alinitazama mfukoni, ila mahamri hakuyadai tena. Alikuwa hana pumzi.

Madam, kwa adhabu, akaniambia nimpe Mzee nasaha palepale mbele ya watu. Nikashika njia niliyofundishwa, ya kupimia kwa mkono, kwa sababu mkono mtu hausahau nyumbani: nyama au samaki upana wa kiganja, mboga viganja viwili vilivyojaa, mafuta ncha ya kidole gumba. "Na sima, mzee, isizidi ngumi yako."

Mzee akakunja ngumi. Alikuwa hamali wa bandari ya Kilindini tangu ujana. Ilikuwa kama nazi isiyofuliwa.

"Hii?" akauliza kwa matumaini.

"Basi... ngumi yangu," nikasema, nikakunja yangu. Karibu na yake ilikuwa ndimu.

"Hiyo ni tonge," akasema Mzee, na foleni ikamuunga mkono.

Tukakubaliana kwa ngumi ya mkewe, jambo ambalo halikuwa na hekima kulitaja kwa sauti siku ile, maana kule Lamu Bi alijibu kwamba ngumi yake ataileta mwenyewe.

Kliniki iliyofuata walikuja wote wawili. Sukari ilikuwa imeshuka hadi 9. Bi alikuwa na kifuu kilichokatwa na kusuguliwa vizuri, ndicho alichokuwa akipimia sima, na daftari dogo ambamo alinakili kila kitu pamoja na chai, saa na mahali. Ukurasa ulioandikwa *chapati* ulikuwa mtupu. Niliona aibu, daftari lake lilikuwa safi kuliko langu.

Langu Madam alilitilia sahihi jioni ile ile ya mkasa. Kwenye mstari wa kuhoji mlo wa saa 24, mahali pa maoni ya msimamizi, aliandika neno moja na alama ya kuuliza: *Chai?*

Nikapanda matatu kurudi nyumbani, kiti cha nyuma, dirishani. Kufika darajani simu ikalia, mama.

"Umeshindaje, mwanangu? Umekula?"

Nilikuwa na hamri la nne mdomoni. La yule bibi. Yalikuwa na iliki.

"Bado, mama," nikasema nikilimeza. "Sijala kitu tangu asubuhi."