Shemeji, Ni Saini Tu

Shemeji akija nyumbani na soda bila kuagizwa, jua mfukoni ana karatasi. Mdogo wake mke wangu anakaanga chipsi pale Tandika, na jioni hiyo alikuja na fomu ya mkopo wa milioni moja na nusu, kona moja ishalowa mafuta ya karai. Anataka kununua viazi kwa lumbesa, abadili na lile kabati la vioo lililopasuka. Kila kitu kipo, amebakiza mdhamini mwenye ajira.

"Shemeji, ni saini tu. Wala hawatakusumbua."

Nikamtazama mke wangu. Yeye akawa anatazama dari. Sasa umnyime mtu mbele ya dada yake, usiku ulale wapi? Nikasaini.

Hiyo "saini tu" ilitaka barua ya serikali ya mtaa, pasipoti saizi, nakala ya kitambulisho cha NIDA na karatasi ya mshahara. Halafu afisa mikopo akaja mwenyewe kukagua sebule. Kijana mpole, shikamoo zake za adabu kabisa. Akaandika: TV bapa inchi 43, friji, sabufa, seti ya masofa. Akaniomba nisimame kando ya TV anipige picha. Nikaikumbatia kama bwana harusi, na kutabasamu nikatabasamu.

Mwanzoni marejesho yalikwenda. Masika ilipoingia, wateja wakajifungia ndani na shemeji akaacha kupokea simu za afisa. Za kwangu alipokea, ila kila nikitaja deni mtandao unakatakata. Afisa naye akahamia kwangu.

Nikamwendea kijana wa jirani anayesoma sheria Mlimani. Nikamweleza msimamo wangu: waanze na aliyekula hela, wakimshindwa ndiyo waje kwangu. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Anko, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, labda mkataba wenu useme vingine."

"Wangu unasemaje?"

Akageuza ukurasa wa nyuma, kule kwenye maandishi ya sisimizi. "Kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Yaani wakitaka wanaanza na wewe."

Nikajaribu mlango mwingine: mke hakusaini popote. Akasema ridhaa ya mke inatakiwa nyumba ya ndoa ikiwekwa rehani. Nilichoweka mimi ni televisheni.

Ikafika siku ya Simba na Yanga. Sebule imejaa, shemeji kakamata sofa kubwa, jezi ya njano mwilini, bakuli la karanga mapajani. Hodi! Afisa mikopo, vijana wawili wenye vifua, na mjumbe wa nyumba kumi kama shahidi. Nje kuna kirikuu inaunguruma.

"Shikamoo mzee. Ngapi ngapi?"

"Bila bila."

Akakaa. Mjumbe akaletewa stuli. Shemeji akawapitishia karanga bila hata kugeuza shingo. Mapumziko yakapita, hakuna aliyegusa habari ya deni, na mimi nikaanza kuamini kwamba mpira ni dawa.

Kipindi cha pili Yanga wakafunga. Shemeji akaruka juu, akamkumbatia aliyekuwa jirani naye, akambusu na kipara. Kipara kilikuwa cha afisa mikopo, na afisa mikopo kumbe ni Simba wa damu. Akajitoa taratibu, akajifuta, akafungua faili.

"Mzee, tumekuja kwa ile dhamana."

Nikamtazama shemeji aseme neno. Akasema kweli: "Jamani, msishike kwenye kioo!" Akabeba upande mmoja mwenyewe mpaka kwenye kirikuu, akawaonyesha na namna ya kuilaza, halafu akakimbilia kibanda umiza kumalizia mpira. Mimi nikabaki na rimoti.

Kibubu kilivunjwa, deni likalipwa na faini yake, TV ikarudi. Kijana wa Mlimani akanipa habari njema: mdhamini aliyelipa anashika nafasi ya mkopeshaji, anaweza kumdai mkopaji. Jamani, nilivyofurahi! Nikamwita shemeji, nikaandaa mkataba, marejesho kila Jumapili. Na kwa kuwa sasa mimi ndiye mkopeshaji, nikamwambia sipokei mtu bila mdhamini.

"Mimi hapa," akasema mke wangu.

Nikamsogezea kalamu aandike dhamana. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: TV bapa, inchi 43.

Jumapili ya kwanza shemeji alileta zege mbili na kachumbari, akasema nizikate kwenye deni. Iliyofuata simu yake haikupatikana. Nikamgeukia mdhamini, nikamwambia kwa sauti ya ofisi kwamba nimekuja kuchukua dhamana.

Akasema nisubiri tamthilia iishe.