Amefunga, au Amefungwa Mdomo?

Ramadhani hii nilikuwa Wete kwa kaka yangu. Saa nane mchana naingia stoo kutafuta mbuzi ya kukunia nazi, namkuta bintiye wa miaka 13 kachutama nyuma ya gunia la mchele, anabwia muhogo wa futari ya jana, mkavu. Kuniona tu, ukamkwama. Nikampiga mgongo, nikampa maji, na neno la kwanza kumtoka: "Shangazi, usimwambie baba."

Nisimwambie nini? Kwamba yumo hedhini, hasali wala hafungi?

Kumbe kuna zaidi. Usiku mama yake humwamsha naye kula daku, ili kaka zake wasishuku. Mchana akiulizwa, "nimefunga". Magharibi anakaa mkekani, anapokea tende kwa bismillahi kama waliokaukwa koo. Yaani mwezi wa kuacha uongo ndio tunaomsomesha mtoto uongo, siku sita mfululizo, na mwalimu ni mama mzazi.

Ukihoji, unaambiwa dini. Dini ipi? Al-Baqara aya ya 222, watu wanamuuliza Mtume habari za hedhi na jibu linateremka. Wanaume wanaisoma msikitini kwa tajwidi. Mtume alimwomba Bi Aisha ampe mkeka kutoka msikitini. Alipotoa udhuru kuwa yumo hedhini, akaambiwa hedhi yake haiko mkononi mwake. Mtume alikuwa akimwegemea Bi Aisha pajani, naye yumo siku zake, na huku akisoma Qur'ani. Na Bi Aisha huyohuyo aliwasifu wanawake wa Kiansari kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Sisi haya yetu imewapita, mashaallah.

Haya, nakubali, kula mbele ya aliyefunga si adabu, na sijasema mtoto atangaziwe kwenye spika. Ale faraghani. Lakini faragha ni jikoni, na sahani, na gilasi ya maji.

Nilimuuliza kama anajua siku hizi atazilipa. Akanitolea macho. Saumu inalipwa, sala hailipwi: hilo hajaambiwa, wala namna ya kukoga josho. Kujificha tu ndiko alikofundishwa, na kakuhitimu. Zamani mwari akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo, yaani kungwi wake, na somo alisema yote, mengine hata ya kukufanya ufunike uso kwa kanga. Bi Kidude mwenyewe alifunda wari, leo tunamkumbuka kwa taarab tu. Somo tukamwona wa kizamani, tukasema skuli itafundisha. Skulini mwalimu akifika ukurasa ule anasema, "Huu mtausoma nyumbani." Vyoo vya skuli visivyo na maji leo sivigusi, presha itapanda.

Baada ya tarawehe nikamvaa kaka. Nilijiandaa kwa vita. Akakoroga chai yake pole pole, akasema, "Dada, mimi nna mke na mabinti watatu. Ule muhogo unadhani nani aliubakisha?"