Kozi kwenye simu: saa ni za nani?

Anayetandika vitanda hotelini Nyali au anayepakia mizigo kwenye ghala la Shimanzi, hapa Mombasa, siku hizi huenda asiitwe tena ukumbini kwa semina. Anatumiwa linki: video ya dakika tano, maswali kumi ya kuchagua jibu, kisha cheti. Mtindo ulikuwepo, lakini corona ya 2020, ilipozuia mikusanyiko, ndiyo iliyousukuma.

Una faida, tena si haba. Hoteli hailali, kwa hiyo huwezi kuwakusanya wote saa nne asubuhi; wa zamu ya usiku atakuja akisinzia. Kwenye simu anarudia somo mara atakazo bila kuonekana mzito mbele ya bosi. Kwa kazi za bandarini kuna mashine za kuigiza kreni: mwanafunzi anagongesha kontena la kwenye skrini hadi achoke, na hakuna meli iliyocheleweshwa wala mtu aliyeumia. Hilo sioni kwa nini lipingwe.

Lakini tazama somo la kuzima moto. Vuta pini, elekeza mpira kwenye kitako cha moto, bana, fagia kushoto na kulia. Mtu anapata kumi kwa kumi, ilhali hajawahi kuunyanyua ule mtungi akajua uzito wake. Na hizo kumi zenyewe! Picha ya majibu, "1B, 2A, 3D", imeshazunguka kwenye grupu la WhatsApp kabla ya chakula cha mchana. Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani wa mafunzo ya kazini, alitaja tangu 1959 mambo manne ya kupima: watu wamelipendaje somo, wamejifunza nini, kazi yao imebadilika vipi, na shirika limenufaika na nini. Mifumo mingi inampa meneja hesabu ya waliomaliza tu.

Lugha nayo ni kikwazo. Kozi nyingi ni za Kiingereza cha ofisini, na kwa kuwa akili unde (AI) sasa inatafsiri kwa gharama ndogo, kisingizio cha bei kimepungua nguvu.

Linaloniudhi zaidi ni saa. Somo husomwa kwenye feri ya Likoni, kwenye matatu, au nyumbani watoto wakishalala, kwa bando la mfanyakazi mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba. Ujumbe wa Jumapili wa "malizeni moduli kabla ya kesho" unaimega siku hiyo. Waajiri watasema wanalipa ushuru wa mafunzo, Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Sawa, lakini hela hiyo haimrudishii mtu jioni yake.

Kanuni na taratibu zibaki kwenye simu. Kazi ya mikono ifundishwe kazini. Na kozi ikiwa ya lazima, iwe ndani ya zamu, nusu saa ya kwanza, kwa waifai ya kampuni. Mwajiri anayeona nusu saa hiyo ni hasara asijaze kwenye ripoti kwamba amefundisha watu.