Kabla hatujauza kiwanja kwa ajili ya oksijeni

Binamu yangu aliyeko Dubai alitutumia video ya mgonjwa amelazwa ndani ya mtungi mkubwa wa kioo, anavuta oksijeni. Chini yake aliandika: "Tuuze kile kiwanja, mguu wa Shangazi upone." Shangazi yake ni mama yangu. Ana sukari mwaka wa kumi na moja sasa, na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimetimiza miezi mitano. Nilimwelewa. Aliyewahi kumwona jirani akirudi na mguu mmoja hahesabu viwanja.

Tiba yenyewe siipingi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ndani ya mtungi ule, yaani chumba cha mgandamizo, mgonjwa anavuta oksijeni tupu, kwa mgandamizo mara mbili hadi mbili na nusu ya ule wa kawaida, hadi inayeyuka kwenye maji ya damu na kufika pale ambapo damu yenyewe inafika kwa shida. Sweden walitoa matokeo ya utafiti mwaka 2010: kati ya wagonjwa 94 wa sukari wenye vidonda sugu vya mguu, baada ya mwaka mmoja vilikuwa vimefunga kwa asilimia 52 ya waliopewa oksijeni, na asilimia 29 ya waliovuta hewa ya kawaida ndani ya chumba hicho hicho. Si jambo dogo. Lakini Uholanzi, mwaka 2018, wagonjwa 120, hawakupata tofauti ya uhakika, na zaidi ya theluthi moja ya waliopangiwa chumba walishindwa kumaliza.

Sasa tupige hesabu. Dozi kamili ni kama vikao 40 vya dakika 90, siku tano kwa wiki. Hizo ni saa 60 ndani ya wiki nane. Wiki nane zina saa 1,344. Saa 1,284 zinazobaki, mguu wa Mama ungekuwa wapi? Ungekuwa kwenye kandambili, sokoni hapa Walukuba, Jinja, Uganda, umesimama juu ya sakafu ya saruji tangu alfajiri akipima mukene (dagaa) wa Masese, kama alivyozoea.

Kinachoniuma ni kwamba kwa miezi minne tulikwenda kliniki moja hapa Jinja, tukapimwa sukari, tukapewa vidonge, na hakuna aliyemwambia avue kiatu. Hakuna! Nyumbani tulifungua kapsuli za antibayotiki tukanyunyizia unga wake kidondani, kama wanavyofanya wengi, tukidhani tunatibu.

Aliyetuokoa ni sista mmoja wa kituo kingine. Alimwambia, "Mama, funga macho. Ukihisi kitu, sema ndiyo." Akachukua uzi mgumu wa nailoni, akaugusisha unyayo mpaka ukapinda. Kidole gumba. Katikati. Kisigino. Mama, macho amefumba, akauliza, "Sista, hujaanza tu?" Sista alikuwa ameshamaliza. Kisha akaingiza mkono ndani ya kiatu cha Mama cha kanisani, akatoa kijiwe kidogo. Mama alikuwa amekikanyaga ibada nzima bila habari; sukari ilikuwa imeutia unyayo ganzi.

Siku hiyo alipapasa mapigo ya damu juu ya mguu, maana mshipa ukiwa umeziba ni lazima ushughulikiwe wenyewe kwanza. Akakwangua nyama iliyokufa na sugu ya pembeni, akafunga shashi safi, akaagiza uzito wote utoke pale mbele ya mguu. Mwanzoni Mama alikataa kukaa. Biashara je? Dada yangu ndiye anayeuza mukene sasa, na ugomvi wa chenji ni kila jioni.

Kidonda kilikuwa na upana wa sarafu ya shilingi 500. Jana kilikuwa sawa na punje ya mahindi.

Nimemjibu binamu kwamba pesa ninazotaka kwanza ni za viatu vyenye nafasi mbele na za boda ya kwenda kufunga kidonda. Kidonda kikigoma, na daktari aliyekagua mishipa akaniambia chumba kitamfaa, mnunuzi wa kiwanja nitamtafuta mimi mwenyewe.