Kizulu cha The Lion King hakijatuibia kitu

Waswahili wakiuzungumzia mchezo wa jukwaani wa The Lion King, lalamiko huwa ni lile lile. Simba ni wetu, Rafiki ni wetu, Pumbaa na hakuna matata ni vyetu, lakini pazia likifunguka kinachoimbwa ni Kizulu. Majina wamechukua kwetu, nyimbo wamewapa wengine. Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, na kwa muda mrefu nililiunga mkono. Sasa naona tumelishika kinyume.

Tazama kila lugha ilivyoingia. Kiswahili cha mchezo huu, tangu filamu ya katuni ya mwaka 1994 iliyouzaa, kimekaa kama kilichookotwa kwenye kamusi: simba anaitwa Simba, rafiki anaitwa Rafiki. Kizulu kililetwa na mtu. Lebo M, mwanamuziki mzaliwa wa Soweto, Afrika Kusini, aliyeishi uhamishoni, ndiye aliyeupa mwanzo ule mwito wake, kabla jua halijachomoza jukwaani. Maneno yake yanasema tu kwamba simba anakuja. Ni usemi wa kawaida kwa mwenye lugha, haukuremba kitu kwa ajili ya mgeni, na ndiyo maana unasisimua mwili.

Mwongozaji Julie Taymor alipoupeleka mchezo Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1997, sauti hizo hakuzipunguza, aliziongeza. Nala, simba jike, anapoiaga nchi iliyokauka, kwaya inamwitikia kwa Kitswana, katika wimbo ambao filamu haikuwa nao. Sehemu ya pili inafunguliwa kwa wimbo wa Kizulu mwanzo hadi mwisho, bila tafsiri, mbele ya watu wa New York na London waliolipa fedha nyingi kukaa pale. Na nyimbo za namna hiyo zinataka wenye lugha. Mamia ya waimbaji wa Afrika Kusini wamepata ajira katika mchezo huu, maonyesho manane kwa wiki, nchi hadi nchi. Kwangu hilo lina uzito kuliko tuzo sita za Tony, zile kubwa za maigizo ya Broadway, za mwaka 1998. Mtoto wa Durban mwenye sauti nzuri alikuwa na milango mingapi ya namna hiyo kabla yake? Kwaya ile ndiyo moyo wa mchezo, na anayeifuta kwa sababu haiimbi Kiswahili anawafuta Waafrika wenyewe waliomo.

Kuna pia ufundi wa macho. Kinyago cha Mufasa, simba mfalme, kimekaa juu ya kichwa cha mwigizaji, uso wake mwenyewe uko wazi chini yake, ukaona simba na mtu kwa wakati mmoja. Ukame unaonyeshwa kwa duara la hariri ya buluu linalovutwa polepole kupitia tundu sakafuni, mpaka ziwa linaisha. Majike ya simba yakilia, yanavuta tepe za kitambaa kutoka machoni. Hakuna kinachofichwa. Aliyezoea mapiko ya Wamakonde, ambamo mtu aliye chini ya kinyago hatakiwi kujulikana, atashtuka kidogo, na ana haki: Taymor aliishi Indonesia miaka ya 1970, na mengi ya mbinu zake yametoka Asia. Anayeuita mchezo huu sanaa halisi ya Kiafrika anatia chumvi.

Kasoro zipo, na moja inaniuma. Fisi jike anaitwa Shenzi. Wageni hulisikia kama jina la kuchekesha. Sisi tunajua lilikotoka: pwani lilimtenga mtu wa bara, na walowezi wakaliokota kuwatukania wenyeji. Humu limepewa mnyama mwenye njaa, aliyefungiwa kwenye makaburi ya tembo ambako nuru haifiki, na siku fisi wanaporuhusiwa kuingia kwa simba, nchi inakauka. Maskini akikaribishwa, neema inaondoka. Rafiki alikuwa dume kwenye filamu, Taymor akamfanya mwanamke kwa sababu aliona hadithi haina mwanamke mwenye nafasi kubwa. Kama hilo liliwezekana, jina la fisi nalo lingebadilika. Hapa sina utetezi.

Na upo upande wa fedha. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939, wimbo uliozaa The Lion Sleeps Tonight unaosikika katika The Lion King, akafa maskini mwaka 1962, na familia yake ikalazimika kufungua kesi dhidi ya Disney, kampuni yenye The Lion King, mwaka 2004, ndipo suluhu ikapatikana mwaka 2006. Maneno hakuna matata nayo Disney iliyasajili kama alama ya biashara kwenye nguo. Anayetaka kudai Kiswahili chake aanzie hapo, awaache waimbaji.

Wengine husema ile ni Afrika ya wanyama watupu, isiyo na watu. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na ile nchi haina jina wala ramani. Lakini nawakumbusha ule mwanzo wa sehemu ya pili. Watu wanasimama kati ya watazamaji wakiwa na mavazi yao ya rangi kali, vinyago hakuna, mikononi wameshika miti mirefu yenye ndege wa kitambaa wanaozunguka juu ya vichwa vya watu, na wanaimba kwa lugha yao. Kisha, wimbo ukielekea mwisho, ndege wale wanaondoka, na mahali pao wanaingia tai na mifupa ya swala.