Jua tunalolimwaga bure Kampala

Ratiba ya bandi, mchezo wa kampira na magongo juu ya barafu, huku Sweden ikisema saa saba mchana, saa saba filimbi inalia. Hata kama ni nyuzi 12 chini ya sifuri, hata kama watazamaji ni wazazi wa wachezaji peke yao. Kwa mpiga picha wa timu ndogo za mtaani, filimbi hiyo ni raha tupu, na kila ikilia navikumbuka viwanja vyetu, ambako mchezo huchelewa kuanza, na hasira inanipanda.

Najua kuna anayesema tayari: "Ssebo, kyeyo, hizo kazi za ughaibuni, imekulevya, sasa unatucheka." Simcheki mtu. Tupige kwanza hesabu ya mwanga.

Katikati ya Desemba, jua la Stockholm huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, na muda wote huo hutambaa chini chini bila kupanda. Bandi ina vipindi 2 vya dakika 45. Baridi ikizidi sana, mchezo hukatwa vipande 3 vya dakika 30. Ukianza saa saba, kipindi cha pili kinachezwa jua likizama. Kwa kuwa saa haibadiliki, mpiga picha anajipanga tangu asubuhi: kwanza tundu la lenzi f/4 (namba ikipungua, mwanga unaoingia unaongezeka), shata 1/1250 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 800, baadaye anafungua lenzi hadi f/2.8 na kupandisha ISO hadi 1600, kisha 3200. Shata haishuki chini ya 1/800, maana wachezaji wanateleza kwa kasi na kampira kenyewe ni kadogo.

Wapo wanaodhani kazi ya huku ni rahisi kwa sababu taa ziko kila mahali. Si rahisi. Theluji inaidanganya kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na picha inatoka ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Lazima uongeze mwanga hatua 1 hadi 1 na nusu (kila hatua huuzidisha mara mbili). Mchezaji akiwa mweusi kama sisi, uso wake unataka zaidi ya hapo, ingawa barafu humsaidia kwa kurudisha mwanga kutoka chini hadi ndani ya helmeti. Betri iliyojaa nyumbani inaishiwa ghafla nje. Unaweka 2 za akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ile iliyozimika ukiipasha joto inaamka tena kidogo.

Hatari kubwa inakuja unapoingia ndani. Kamera ya baridi ikikutana na hewa ya ukumbi wenye joto, unyevu unageuka matone ya maji juu ya lenzi na hata ndani yake. Dawa yake: ukiwa bado nje, toa memori kadi, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, halafu uiache humo saa 1 au 2 mpaka ipate joto la chumba. Asiyetoa kadi kwanza anakaa akiutazama mfuko huku mhariri akisubiri picha.

Hoki ya barafu ya ukumbini nayo ina yake. Unapiga kupitia kioo cha plastiki kilichojaa mikwaruzo, kwa hiyo unatafuta sehemu safi, unaibana lenzi kwenye kioo kwa kofia yake ya mpira, unavaa nguo nyeusi ili usijione kwenye picha, na hupigi kwa mshazari, maana picha inavurugika. Umeme ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 picha moja inatoka njano, inayofuata inatoka giza. Kamera nyingi za sasa zina mpangilio wa kuusubiri mwanga ufike kileleni. Umeme wetu Uganda nao ni hezi 50, kwa hiyo wa ukumbi wa michezo wa Lugogo, Kampala, jambo hili linawahusu pia.

Sasa njoo Kampala. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja, mwaka mzima. Mchezo ukianza saa kumi kamili, unaisha saa kumi na mbili kasorobo au dakika chache baadaye, na nusu saa ya mwisho ina mwanga mzuri wa alasiri ambao huku Ulaya wakati wa baridi watu wanauota. Mchezo ukichelewa dakika 50, mnazijua sababu, kama kumsubiri mgeni rasmi, mwanga huo unapotelea kwenye kipindi cha kwanza na mapumziko. Kisha kivuli cha jukwaa kinaukata uwanja katikati, upande wa jua na upande wa kivuli vikitofautiana hatua 3, na winga akivuka mstari tu picha imeharibika. Huku jua likizama bado kuna mwanga hafifu wa dakika 50 hivi. Kwetu ikweta ni dakika 20 na kitu, basi, giza.

"Lakini hatuna pesa za Sweden." Kuanza saa kumi kunagharimu shilingi ngapi? CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipochezwa kwenye uwanja wetu wa Namboole Agosti 2025, ratiba ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ndiyo iliyotawala, na uwanja ni uleule. Wapiga picha wetu ninawavulia kofia: wanafukuzana na mchezo kwenye vumbi kwa lenzi moja ya f/5.6, wanaficha kamera kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, mvua ikishuka bila taarifa, na bado wanaleta bao likiwa kali machoni. Ndiyo maana naumia. Watu wenye ustadi huo wanalazimishwa kupiga bao la dakika ya 88 kwa ISO 12800, halafu gazeti linalalamika picha ina chengachenga.

Mwaka 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu Uganda pamoja na Kenya na Tanzania, na saa zitafuatwa kwa sababu wageni wapo. Mimi nazungumzia ligi yetu, Masaza Cup ya kaunti za Buganda, na michezo ya shule. Mgeni rasmi anayetaka kusalimiana na wachezaji afike saa tisa na nusu.