Mashindano ya Castle Pines na imani kwamba Marekani kila kitu hudumu

Ukiongea na jamaa wa nyumbani Kenya kwa simu, hukosi kusikia kwamba Marekani kitu kikianzishwa kimeanzishwa, si kama kwetu ambako mambo ni ya zimamoto. Mimi nakaa Colorado, na wakinianza na hadithi hiyo huwaambia wakatafute habari za The International.

Mashindano hayo ya gofu yalianza 1986 katika klabu ya Castle Pines, kusini mwa Denver, kwa juhudi na fedha za tajiri wa mafuta, Jack Vickers. Uwanja ulichorwa na Jack Nicklaus, gwiji wa gofu wa Marekani. Uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko mgeni anavyotarajia. Waliocheza kwenye viwanja vya Muthaiga au Karen, kule Nairobi, wanayajua hayo.

Utamu wake ulikuwa kwenye hesabu. Kwingine hushinda mwenye mapigo machache, lakini hapa walihesabu pointi. Kila shimo lina kiwango chake, yaani idadi ya mapigo inayotarajiwa; ukilimaliza kwa pigo moja pungufu ya kiwango unapata 2, mawili 5, matatu 8. Ukizidisha pigo moja unakatwa 1, ukizidisha mawili au zaidi unakatwa 3, na hapo adhabu inakoma. Kwa hiyo mwoga hakuwa na chake. Siku ya mwisho mwaka 2002, mchezaji Steve Lowery alikuwa akimfukuza mwenzake Rich Beem aliyekuwa akiongoza. Shimo la 17, ambalo kiwango chake ni mapigo matano, akalimaliza kwa mawili! Pointi 8 kwa mkupuo mmoja. Shimo la 18 akapata nafasi ya kumpita, mpira ukakataa kuingia, akashindwa kwa pointi moja. Wiki mbili baadaye Beem huyohuyo akamtangulia Tiger Woods, nyota mkubwa wa gofu wa enzi hizo, na kutwaa PGA Championship, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu duniani.

(Wachezaji nao walisifu milkisheki za klabu ile hadi ukadhani ndizo zilizowaleta.)

Pamoja na utamu wote huo, yalikufa. Tiger alikwenda mara mbili tu, 1998 na 1999, na asipokuwepo Tiger, watazamaji wa runinga hupungua. Mdhamini mkuu akakosekana. Februari 2007 Vickers akatangaza kwamba basi, miaka 21 inatosha. Nafasi ya The International kwenye ratiba ikachukuliwa na mashindano mapya karibu na Washington, mwenyeji wake Tiger mwenyewe. Hayo nayo yakazikwa 2018.

Sasa tazama Kenya Open, mashindano yetu ya gofu. Ilianza 1967, Mhispania Seve Ballesteros aliibeba 1978, na ipo mpaka leo. Imebadilisha wadhamini, imepanda hadhi, imewekewa jina la kuvutia watalii, na kila mwaka kuna lawama kuhusu nani analipa nini. Kelele hizo mimi naziona ni afya. Benki, klabu, chama cha gofu na serikali wote wanavutana, na hakuna mmoja anayeweza kuamka asubuhi akaifunga kama duka lake.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Hapa Denver, City Park ni uwanja wa jiji: unalipa kiingilio, unacheza, hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Castle Pines ina geti, sawa, ila mtu ana pengine pa kwenda. Kijana wa mtaa wa mabanda wa Mathare, Nairobi, anakaa jirani kabisa na Muthaiga, na njia yake ya kuingia pale mara nyingi ni kumbebea mtu mwingine mfuko wa fimbo za gofu. Wengi wa magwiji wetu wa gofu ya kulipwa walipitia huko huko, wakijifunza kwa kuiba kwa macho. Hilo la viwanja vya jiji ndilo ningetaka tuige kutoka huku, wala si namna yao ya kuendesha mashindano.

Agosti 2024 gofu kubwa ilirudi Castle Pines, safari hii kwa mashindano mengine, BMW Championship, ambayo huhama viwanja, na Keegan Bradley akashinda. Jamaa zangu wakaniambia, unaona, yamefufuka. Mwaka uliofuata yalichezwa Maryland, jimbo jingine kabisa.